Kilo Nne za Alhamisi

Mimi nina wivu, na sitaki mtu anifundishe habari hiyo. Nilizaliwa nao Mugeta kwenye zizi la baba, nikaja nao Musoma mjini kwenye biashara ya samaki, na Padre aliponiuliza kwenye kitubio kama nimepunguza, nilimwambia Padre twende kwenye dhambi nyingine, hii tuiache kwanza. Kwa hiyo nikikusimulia nilichokifanya kwenye chumba cha mwanangu Mary, usinikatize kwa kunishangaa. Sikiliza mpaka mwisho ndipo uniseme.

Mume wangu anaitwa Leodgar, fundi wa maboti, kwao Mugango. Mikono ya Leodgar naijua mimi. Siku walipoleta ng'ombe wa mahari kwetu, dume moja lilikata kamba likawa linaelekea jikoni kwa mama. Kaka zangu wote wakapanda ua. Leodgar akalishika pembe, akasimama nalo hivyo hivyo mpaka likachoka lenyewe. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani, nikasema huyu huyu, hata kama hana nyumba. Habari hiyo nimeisimulia sokoni miaka ishirini na mmoja. Mteja akija kununua sato anaondoka na dume la Mugeta bure.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mkono wangu ni mizani. Sijisifu. Nikishika samaki nakwambia kilo ngapi na robo ngapi, na Keraryo, mnunuzi wetu mwenye mizani ya kuwaka namba, anapimaga kuhakikisha tu. Mara nyingi anakuta nimesema kweli, ananuna.

Basi mwezi wa tano Leodgar akaanza mambo. Kazini haendi. Ukiuliza, mbao hazijafika. Kasmiri wa Mugango anapiga simu kuulizia boti lake, Leodgar anatoka nje kuongea. Halafu siku moja anarudi kutoka stendi na boksi limetoka Mwanza, kalibeba dereva wa bodaboda, yeye anafuata nyuma mikono mitupu. Nikasema moyoni, ona umwinyi huu.

Ndani ya boksi kulikuwa na vyuma viwili vya mazoezi, dambeli zile za kisasa za kubadilisha uzito. Kila kimoja kimekaa kwenye kitako chake kama mtoto kwenye beseni, na kina kitu cha kuzungusha chenye namba: mbili, nne, sita, mpaka ishirini na nne. Ukizungusha kikiwa kitakoni, kinashika sahani za chuma za uzito unaoutaka, nyingine zinabaki chini.

"Vya nini?" nikamuuliza.

"Mazoezi tu, Mama Mary."

"Umri huu?"

"Afya," akasema, wala hakuniangalia. "Ila usiviguse, vitakuumiza."

Akaviweka chumbani kwa Mary, maana Mary yuko chuo Dodoma. Akatandika godoro la zamani chini yake ili visipasue sakafu. Na mimi kwa ujinga wangu nikaenda kumsimulia Selestina, anayeuza samaki meza ya pili kutoka kwangu.

Selestina aliacha kupara samaki. "Eti nini? Mwanaume wa miaka arobaini na nane anajenga kifua?"

"Anasema afya."

"Afya!" Akacheka mpaka akashika meza. "Mwenzangu, wewe kifua chake ulishakichukua miaka ishirini iliyopita. Hicho kipya anamjengea nani?"

Nilimwambia afunge mdomo wake. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo mpaka Bunda. Kila Alhamisi mimi ninaendaga Bunda kuwapelekea wateja wangu samaki wa kukausha. Natoka alfajiri, narudi jioni. Leodgar anajua, mtaa mzima unajua.

Sasa Ijumaa moja nilikuwa napiga deki chumbani kwa Mary. Kile chuma cha kushoto nikakisogeza kwa mguu, kizito hicho, namba yake ishirini. Cha kulia nikakiinamia kwa mikono miwili, nimejiandaa kwa kilo ishirini, nimekaza na kiuno. Mama yangu! Nilijikuta nimenyooka nacho hewani, karibu nijipige kidevu. Mkono wangu haukusubiri kuangalia namba. Ukasema: kilo nne. Nikageuza nikatazama. Nne.

Nikakaa juu ya godoro na dekio mkononi. Ishirini ni za Leodgar, hizo sina ugomvi nazo. Kilo nne ni za nani? Mwanaume aliyeshika dume la Mugeta ananyanyua kilo nne? Thubutu! Kilo nne ni sangara mdogo. Kilo nne ni mkono wa mtu mwembamba, mwenye kucha, anayesema "baby hii nzito". Wako wawili humu, nikasema. Kila mtu na chuma chake, wanatazamana, wanahesabiana. Kwenye chumba cha mwanangu, juu ya godoro nililolilalia mimi mwenyewe siku za arusi. Nililia hapo hapo kwa hasira, halafu nikamaliza kupiga deki kwa sababu maji yalikuwa yameshamwagika.

Wiki nzima nikamchunguza. Jumatano alipoenda kuoga nikashika simu yake. Kulikuwa na jina, Dorah Butiama. Ujumbe mmoja tu ulikuwa juu: "Kesho saa nne kama kawaida. Usisahau kuvaa viatu."

Viatu! Mtu kwenye nyumba yake mwenyewe, chumbani, anaambiwa asisahau kuvaa viatu. Vya nini? Vya kukimbilia mimi nikitokea! Nilirudisha simu pale pale, nikapika ugali, nikamwekea na kichwa cha samaki anachokipenda, nikamtazama anakula kwa mkono wa kushoto. Anakula kwa kushoto siku hizi, nikawaza, hata adabu imemtoka.

Sasa hapa ndipo penyewe. Alhamisi alfajiri, kabla sijatoka, niliingia chumbani kwa Mary. Nilitaka alama. Unajua mtu akitaka kujua kama unga wake unaibwa anachora mstari juu yake? Nilitaka hivyo. Kile chuma cha kilo nne nikakizungusha kidogo tu kikiwa kitakoni, kikatoka kwenye nne, hakikufika sita. Kikasimama katikati. Nikasema huyo Dorah akija akakirudisha kwenye nne yake, jioni nitaikuta nne, nitajua mikono imepita, na Leodgar hatakuwa na pa kuingilia. Niliona nina akili sana.

Lakini njiani roho ilikataa. Bunda gani na moyo unapiga hivi? Mzigo nikamwachia Selestina ampe dereva, nikakaa nyuma ya meza yake mpaka saa nne kasoro, halafu nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa. La kwanza lilikuwa tusi, na la pili pia.

Nilipofika dirisha la Mary nikamsikia mwanamke. Wallahi sikuota. Sauti laini, ya taratibu: "Sasa mkono mwingine. Polepole baba, tusikimbilie. Pandisha... vizuri. Shusha polepole. Moja..."

Damu ikanipanda. Nikavua kandambili nisisikike, nikapita sebuleni, nikafika mlangoni.

"Mbili. Usizuie pumzi, baba. Tatu..."

Nikasukuma mlango kwa bega, na kabla sijatoa lile tusi nikasikia chuma juu ya chuma, kwaa! Leodgar akapiga kelele.

Alikuwa amelala chali kwenye godoro, viatu miguuni. Damu inatoka kwenye nyusi inaingia jichoni. Kile chuma kiko pembeni kimelala ubavu, na sahani moja nyembamba imeviringika mpaka kwenye miguu yangu, ikazunguka, ikalala. Mwanamke hakuwepo. Nilitazama hata nyuma ya mlango, Mungu anisamehe, mume wangu anatoka damu na mimi natazama nyuma ya mlango. Kwenye stuli kulikuwa na simu imeegemezwa kwenye kopo la maua. Ndani ya simu kulikuwa na binti wa umri wa Mary, kanga begani, amekaa nje ya nyumba yao huko Butiama, kuku wanapita nyuma yake.

"Baba! Baba Mary!" anaita. Akaniona. Akasema, "Shikamoo mama."

Nilikuwa nimekuja na matusi mawili mdomoni. Ilibidi niyameze yote nimjibu, "Marahaba."

"Mama, bonyeza kitambaa safi kwenye jeraha, usiachie. Mkae, asisimame haraka. Baba, uliangalia namba?"

"Iko kwenye nne," Leodgar akasema, macho amefumba. "Iko kwenye nne siku zote, mwanangu. Mimi ndiye niliyekiachia. Mkono umekiachia."

"Ulisikia ule mlio wa kushika sahani? Ulikitikisa kidogo kwanza?"

"Mkono umekiachia," akarudia.

Mimi nikabonyeza kitambaa.

Kwenye zahanati walimshona nyuzi tano. Mhudumu akaniomba nimshikie mkono wa kulia, amfunge kitambaa cha kuuning'iniza shingoni, maana katika kujikinga alikuwa ameushtua tena. Nikauweka kiganjani kwangu. Na huu mkono wangu, usio na adabu, ukapima. Nikashika na wa kushoto. Nikarudi kwenye wa kulia. Ulikuwa umepungua jamani. Umepungua mno. Mkono ninaoulalia miaka ishirini na mmoja, na mimi ninayejua samaki amekatwa mkia kabla sijamwona, sikujua.

Kwenye benchi pale nje akanieleza, kwa kifupi, kama anamwambia mtu mwingine. Mwezi wa tatu walikuwa wanavuta boti Mugango, kamba ikakatika, bega likachanika ndani. Alilala nalo. Likakauka, mkono ukawa haupandi hata kufikia kofia. Dorah ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpata hospitali siku alipokuwa zamu, na Alhamisi ni siku yake ya mapumziko. Yeye ndiye aliyemwambia anunue vyuma vya kubadilisha, ili mkono mzima ufanye na wake na mbovu uanze na wake, uongezwe kidogo kidogo. Ishirini kushoto, nne kulia. Walikuwa wameanzia mbili.

"Na viatu?" nikamuuliza.

"Chuma kikianguka kisinivunje vidole." Akaniangalia. "Umejuaje habari ya viatu?"

Nikamwambia tunyamaze, jeraha lisifunguke.

Sasa sikia nikwambie kitu, na unielewe vizuri. Wivu haukuondoka. Ulihama tu. Angelala na mwanamke ningejua pa kuanzia, ningeng'oa nywele za mtu. Lakini huyu binti alikuwa anajua bega la mume wangu tangu mwezi wa nne. Yeye ndiye aliyemwona anashindwa kuinua kilo mbili. Yeye ndiye aliyemwambia vizuri baba, jaribu tena baba. Mimi naambiwa mbao hazijafika! Hilo liliniuma kuliko kifua chochote.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Ungesema nini sokoni?" akajibu.

Dume la Mugeta lilisimama katikati yetu pale sebuleni.

Ijumaa mchana nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, sanduku la zana liko wazi mbele yake. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anatoa randa, patasi, nyundo ya kuzibia boti, anazipanga juu ya gunia. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nampa yule kijana wangu wa kazi, Lameck. Nimeshampigia Kasmiri nimemwambia atafute fundi mwingine."

"Baba Mary!"

"Kilo nne, Nyangi." Hakuniita Mama Mary. "Miezi mitatu nimepandisha kutoka mbili mpaka nne. Nilikuwa najiambia nikifika kumi naenda kumalizia boti la Kasmiri, halafu nakusimulia kama kichekesho. Jana mkono umeachia kilo nne. Usoni kwangu. Mkono hauna kitu. Hivyo vyuma mwambie Mary akirudi atafute mtu avichukue."

Akachukua msumeno akaufuta vumbi kwa kiganja, pande zote mbili, akaulaza juu ya gunia pamoja na vingine.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, nilifikiria. Hakuna aliyeniona. Leodgar mwenyewe alishaamini kwamba mkono uliachia. Mume wangu angenipenda kama alivyonipenda juzi, na mimi ningemlea, ningeuza samaki, tungekula. Ila angekaa kwenye kile kigoda mpaka kufa akiamini jambo la uongo kuhusu mkono wake mwenyewe. Nikatazama vidole vyake vinavyotafuta pa kuiweka timazi.

"Hukukiachia," nikasema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Mimi nilikizungusha. Alhamisi alfajiri, kabla sijatoka. Nilikitoa kwenye nne nikakiacha katikati, sahani haikushikwa vizuri. Ilichomoka ikakuangukia, ndipo ukashtuka ukatupa chote. Ile sahani ilikuja mpaka miguuni kwangu, niliiona."

Akanitazama. "Kwa nini?"

"Nilidhani kilo nne ni za mwanamke."

Nikamweleza yote. Deki, godoro, simu, alama ya unga, na Selestina nikamtaja, sikumwacha nyuma. Nilikuwa nasubiri anipige, ingawa hajawahi. Nilikuwa nasubiri aseme rudi kwenu Mugeta. Akautazama mkono wa kulia uliokuwa umening'inia kitambaani.

"Kwa hiyo mkono wangu haukukiachia," akasema.

"Haukukiachia."

"Sema tena."

"Ulikishika, Baba Mary. Ulihesabiwa mpaka tatu na ulikuwa umekishika, nilisikia mwenyewe nikiwa mlangoni."

Akafunika uso kwa mkono wa kushoto, mabega yakaanza kutikisika, lile zima na lile bovu. Sijawahi kumwona Leodgar analia, hata tulipomzika baba yake. Nilisogea nimshike akaniinulia kiganja.

"Nitakukasirikia," akasema. "Nitakukasirikia sana, Nyangi, ungeweza kunitoboa jicho. Lakini kesho. Leo niache kwanza." Na hapo hapo, machozi yanatiririka kwenye nyuzi mpya, akaokota msumeno akaurudisha sandukuni.

Na kweli kesho yake alinikasirikia. Siku tisa hakula kichwa cha samaki nilichopika. Nilistahili, sikulalamika, niliongeza tu nyanya.

Siku hizi Bunda naenda Jumatano. Alhamisi saa nne niko chumbani kwa Mary, nimekaa kwenye stuli, simu nimeishika mimi. Dorah ni binti mzuri, ana heshima, anaanzaga na shikamoo kabla ya kitu chochote. Yeye ndiye anayesema zoezi gani na mara ngapi, hapo simwingilii. Leodgar anavaa viatu. Namba nazungusha mimi, chuma kikiwa kitakoni, mpaka kiseme ta! Nakiinua kidogo usawa wa magoti, nakitikisa, mkono wangu unakubaliana na namba, ndipo nampa. Tumefika kilo sita. Kasmiri amesema atasubiri.

Na kuhesabu nahesabu mimi. Dorah akifungua mdomo aseme moja, mimi niko tatu. Anacheka, anasema sawa mama. Tukimaliza nakata simu, nachukua ule mkono wa kulia wa mume wangu nauweka kiganjani, naupima. Uzito wake naujua, kilo na robo yake. Dorah haujui, na simwambii.